Wao Wanajuana, Mimi Niko na Chapati

Mpendwa mshauri wetu Nyanya Jawahir, pokea salamu kutoka Laini Saba, Kibera, na baada ya salamu naomba msaada wako, na usinicheke, kwa sababu Jumapili ijayo iko karibu na kichwa changu kimejaa sufuria. Mimi jina langu ni Akoth lakini watu wananiita Mama Adhis, kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, niko na chumba kando ya reli, na niko kwa kikundi cha wafanyabiashara wadogo wa Kibera na Kawangware ambacho tunakutana ili tujuane, fundi wa viatu ajue mwenye ngozi, mwenye duka ajue mwenye mali, kila mtu anasimama anasema jina na kazi yake halafu tunakula, na mikutano tunaizungusha, mara huku kwetu mara kule kwao, na kila mara kuna mmoja anashika mambo ya chakula.

Sasa Nyanya nitakuambia ukweli wote. Mkutano uliopita ulikuwa huku kwetu na chakula kilikuwa changu, nikasema siwezi kuaibika mbele ya watu wa Kawangware, nikapika chapati, lakini chapati inatakiwa ikiwa moto, si unajua, kwa hivyo wakati watu wako ndani wakisema majina yao mimi nilikuwa nje nyuma ya ukumbi na jiko mbili, nasukuma, nageuza, macho yanalia moshi, nasikia makofi tu, na huko ndani Mwalimu Ndeti, ambaye ako na shule yake ya nasari kule Kawangware, akasema anatafuta mtu wa kumfumia sweta, na Katunge, ambaye pia anafuma na tumekaa naye kwa kikundi kama dada, akasema mwalimu mimi niko hapa, na kazi ikaenda hivyo. Mimi nilikuja kujua watu wakiaga. Mwalimu alinishika mkono akaniambia, "Mama, chapati zako ni hatari! Hoteli yako iko wapi, nikipita nikule?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikafika nyumbani nikalia. Nilipomuuliza Katunge kwa nini hakuniita akasema, "Lakini Mama Adhis, si ni wewe ulisema usisumbuliwe unga utakauka?" Na ni kweli nilisema.

Sasa huyo mwalimu anafungua shule ya msingi Januari, na mwenyekiti wetu Bwana Githinji ametangaza kwamba Jumapili ijayo huko Kawangware ndiyo mwalimu atachagua mtu wa sweta za madarasa yote. Nyanya, nikikosa hii kazi mashine yangu itakaa hapo kama kabati na mimi nitarudi kufua nguo za watu Kileleshwa, kazi ambayo mgongo wangu ulishakataa. Na hapa ndio nataka unisikize vizuri, kwa sababu Githinji alipouliza chakula ni cha nani safari hii watu wote walipiga kelele, "Mama Chapati! Mama Chapati!" na mimi badala ya kukataa nikasimama nikasema niachieni, nitawaletea chakula hamjawahi kuona. Sijui ni shetani gani alinishika ulimi.

Nilikuwa nafikiria bitings, vile vitu vidogo nilionyeshwa siku moja kwa semina hoteli ya mjini, nyama imedungwa kijiti na soseji zimekatwa, lakini mzee wangu Obiero anasema hicho ni chakula cha ndege, eti watu wa biashara wanataka mbuzi na ugali, na pesa ya kikundi haiwezi kununua hata kichwa cha mbuzi. Tena kuna Yasin wa vitambaa na Waislamu wenzake, wataniuliza nyama imechinjwa na nani. Tena huo ukumbi wa Kawangware hauna jikoni. Tena mkutano ni saa nane, na mimi ni Msabato, Jumamosi yote niko kanisani na siwezi kushika jiko mpaka jua liingie, kwa hivyo siku ya kupika ndiyo hiyo sina. Niambie Nyanya, nipike nini cha bei ya chini, cha kupikwa mapema, na kisiniaibishe? Ama nitume neno kwamba ni mgonjwa? Naomba jibu haraka.

Ni mimi Mama Adhis, Laini Saba.

*

Mama Adhis,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikosa mahali pa kuvuta pumzi. Pole kwa kulia. Mwanamke akirudi nyumbani na harufu ya moshi kwa nywele, na kazi yake imechukuliwa akiwa pale pale mlangoni, ana haki ya kulia. Umelia, basi. Sasa futa uso tuongee.

Kwanza, Katunge mwache. Ulitaka niseme amekuibia, nimeona ulivyozunguka. Hakukuibia. Alikuwa amekaa kwa kiti, mtu akauliza swali, akajibu. Wewe ulikuwa wapi? Ulikwenda mkutano wa kujuana ukajificha nyuma ya ukumbi na mti wa kusukumia. Huyo mwalimu wa watu angejuaje? Aliona unga mpaka kwenye viwiko, akasema huyu ana hoteli. Hata mimi ningesema hivyo. Hilo jina la Mama Chapati hukupewa, ulijipikia mwenyewe.

Na mambo ya kujifanya mgonjwa, koma kabisa! Ukisema ni mgonjwa hutakuwa na chakula na hutakuwa na kiti, na sweta zitakwenda palepale zilipokwenda. Mtu mzima hakimbii ulimi wake. Ulisema niachieni. Wamekuachia. Sasa fanya.

Turudi kwa sufuria. Mimi shule niliishia pale pa kujua kuandika jina langu na la Mungu, hayo mengine nimejifundisha kwa kusoma magazeti ya kufungia mandazi. Lakini nimelisha harusi na matanga hapa Makina tangu hao wenzako hawajazaliwa, na sijawahi kuambiwa chakula kimepungua. Kwa hivyo nikikwambia jambo usilipeleke kwa Obiero kupimwa.

Hizo bitings ziondoe kichwani. Si kwamba ni chakula cha ndege. Zile hoteli zina mtu amesimama kwa mafuta anakaanga, mwingine anakimbia na sahani. Wewe huna hao. Ukizikaanga Laini Saba, zikifika Kawangware mafuta yameganda juu kama mshumaa. Halafu mtu amefunga kibanda chake Silanga, amekuja kwa miguu, unampa kipande kimoja kwa kijiti. Atafikiri umempa cha kuchokoa meno.

Na mbuzi wa Obiero naye umwache huko malishoni. Ugali na nyama ni chakula kizuri, sikatai, lakini fikiri vile kinaliwa. Lazima mtu apite na jagi na karai awanawishe watu mikono, mmoja mmoja, ameinama. Halafu mtu apakue. Halafu mtu arudi na supu. Halafu awanawishe tena. Huyo mtu ni nani? Usinitazame hivyo, unajua ni nani. Na sijawahi kusikia mgeni akimuuliza anayeshika karai jina lake. Tena nyama ni maswali: Yasin atauliza aliyechinja, na nyinyi Wasabato mna nyama zenu hamgusi. Chakula cha mkutano kisiwe na maswali, maswali yawe ya biashara.

Sasa kuna mahali kwa barua yako nimecheka peke yangu mpaka paka akaamka. Wewe Msabato, unaniuliza mimi, mwanamke Mwislamu, chakula cha kupikwa mapema! Kwani mimi sina macho? Jirani zangu Wasabato nawaona kila Ijumaa. Kufika alasiri maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi, chakula kimepikwa kimefunikwa, na hakuna kiberiti kitawashwa mpaka kesho jua lizame. Watoto wanakula, wageni wa kanisani wanakula, na mama wa nyumba amekaa na wageni wake ametulia, hana aproni. Umekulia ndani ya kazi hiyo kwa mama yako. Halafu unaniandikia Sabato kama ni ugonjwa unakuzuia!

Unajua ni kwa nini hukuiona? Ni aibu. Unafikiri chakula kilichopoa ni cha nyumbani tu, cha kuficha, na wageni wa maana ni wa chakula kinachotoa moshi. Nani alikudanganya? Kuna chakula kikipoa kinakufa, kama chapati yako. Na kuna chakula kikipoa kinakuwa kitamu zaidi. Huyo mwanamke anayekaa na wageni wake Jumamosi, ndiye ninataka aende Kawangware Jumapili.

Sikia basi, na usiongeze madoido yako.

Ijumaa, ukipika ya Sabato, pika na hii: kaanga njugu karanga na chumvi, zikipoa zifunge kwa karatasi. Pika mandazi, yasiwe na mayai wala maziwa ndani, yatafika Jumapili bila kulalamika. Yakipoa kabisa ndio ufunike, ukifunika yakiwa moto yatatoka jasho na kesho yake yana ukungu. Lakini usiniletee ujanja wa kupika ndengu ama maharagwe Ijumaa ule Jumapili. Hiyo joto ya nyumba zenu za mabati itayachachusha, na utakumbukwa Kawangware kwa sababu nyingine.

Jumamosi jua likiingia, chemsha viazi vitamu na maganda yake, vile vyekundu, vinunue Ijumaa hiyo hiyo kwa akina mama wa Silanga wanaovichimba wenyewe, ni rahisi kuliko sokoni. Usivimenye. Ganda lake ndiyo sahani yake. Chemsha mayai pia, na yenyewe yakae na maganda. Kisha ulale.

Asubuhi ya Jumapili kata kachumbari, weka dhania na pilipili kidogo, lakini chumvi na ndimu usiguse mpaka ufike, la sivyo utabeba supu ya nyanya. Chai uitie kwa chupa za chai, na azima kwa majirani, usinunue. Na wale wenzako wa kanisa wasiokunywa majani ya chai, watie maziwa yenye tangawizi kwa chupa yao. Hivyo ndivyo vyote. Hakuna kitu hapo kinataka moto, hakuna kinataka kijiko ila kimoja cha kachumbari, hakuna kinamwagika njiani. Na kila mtu akishamenya yake atakula kwa mkono mmoja, ule mwingine uko huru kusalimia watu.

Najua utaniambia, "Lakini Nyanya, watu wetu hawajipakulii, wanangoja kupewa, nikikaa watasema nina madharau." Watasema, ndiyo. Bwana Githinji mwenyewe atakaa na kutazama mlango akingoja sahani. Wewe fika mapema, panga kila kitu juu ya meza, funika na kitambaa safi. Watu wakiingia, kabla hawajakaa, funua useme kwa sauti: "Karibuni, chakula ndicho hiki, kila mtu ajichukulie, kwa sababu leo na mimi nimekuja mkutano." Sema hivyo tu, usiombe msamaha, usicheke cheke. Wataguna kidogo. Kuna mzee atauliza nyama iko wapi. Mpe yai, mpe njugu, mwambie karibu. Mtu mwenye kiazi mdomoni hawezi kuguna sana.

Halafu uende ukae. Si kando ya meza! Ukikaa kando ya meza utaanza kupanga maganda. Kaa mstari wa mbele, na usivae lile gauni lako la Sabato. Vaa sketi na sweta uliyofuma wewe mwenyewe, na kwa mfuko ubebe nyingine ndogo, ya mtoto wa darasa la kwanza. Wakianza kusema majina usingoje kusukumwa. Simama useme: "Mimi ni Akoth, mnaniita Mama Adhis, nafuma sweta za shule Laini Saba." Mpe mwalimu ile ndogo mkononi. Mwambie avute mshono wa bega kwa nguvu zake zote, avute na mkono, mbele ya watu, na Katunge akiwa hapo hapo. Katunge na yeye alete yake ivutwe. Hiyo ndiyo haki. Kama yake ni imara kuliko yako, basi umeshindwa ukiwa umekaa kwa kiti, utarudi ufume vizuri zaidi. Lakini usishindwe tena ukiwa nje.

Na mwalimu akianza yale maneno yake, eti mama, mandazi haya ni hatari, ni nani ameyapika, usitabasamu ukasahau kilichokupeleka. Mwambie habari ya mandazi itangoja. Kwanza akwambie Januari anafungua na watoto wangapi, na sweta ni rangi gani.