Kiberiti na Shingo ya Bata

Dada yangu, mkubwa wangu, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepunguza kelele, na yule paka wako mwizi bado hajafukuzwa. Sisi huku tunapumua. Mimi ni chuma kama unavyonijua, isipokuwa meno, na hayo yamebaki machache hadi nimeyapa majina.

Sasa kaa vizuri, Dada. Kisa cha barua ile ya mwezi wa tatu kila mtu anakisimulia vibaya. Kinyozi wetu anawaambia wateja kwamba nilipigana na waya nikapigwa. Jirani yangu muuza mkaa anaapa kompyuta yangu ina pepo. Na wewe, usinune, wewe ndiye unayekisimulia vibaya kuliko wote, maana umewatangazia ndugu kwamba mkwe wangu alichomeka maneno yake ndani ya barua yangu. Nasikia umeitisha na kikao Jumamosi ijayo, mwanangu aambiwe amrudishe mkewe kwao. Basi kabla hamjavuta viti, nisikilizeni mimi niliyekuwepo. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu nitatania, utacheka, salio litakatika, na ukweli utabaki umenikwama kooni.

Nianze na vyombo. Unajua mimi na kalamu hatusalimiani. Shule niliingia siku moja tu, nilipoitwa kufungua kabati la mwalimu mkuu aliyepoteza ufunguo. Miaka arobaini ya ufundi wa kufuli, hakuna mlango ulioniambia hapana. Kuna sanduku la chuma lililolala kwenye matope miaka saba, nililifungua kwa kijiti cha meno huku natafuna karanga. Lakini herufi, Dada, herufi hazina tundu la ufunguo.

Mwanangu alipoanza safari zake ndefu za lori aliniachia kompyuta yake kuukuu, ile ya kukunja. Akanionyesha kwamba unaiambia maneno, yenyewe inaandika. Nikamwambia asinifanye mtoto. Nikajaribu, ikaandika kweli, ila ilikuwa kiziwi. Feni yake inakoroma humo ndani kama mzee aliyeshiba, nikiipa maneno kumi inaandika manne, tena ya kwake. Safari iliyofuata akaniletea kiboksi cha ukubwa wa kiberiti. Wenyewe wanakiita kadi ya sauti ya nje. Kinachomekwa ubavuni mwa kompyuta, na kwenye kiboksi hicho unachomeka maikrofoni ya mezani yenye shingo ndefu iliyopinda. Mimi nikaviita Kiberiti na Shingo ya Bata. Kiberiti kina kitaa cha kijani. Kikiwaka, Bata anasikia. Kikizimika, Bata amelala. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na hakuna aliyenirekebisha kwa sababu sikumuuliza mtu.

Tangu siku hiyo mashine ikanyooka. Nikisema nukta, inaweka nukta. Nikisema aya mpya, inashuka chini kwa adabu. Nikawa naandika barua kama karani wa mahakama, na mtaa mzima ukajua, maana niliwaambia.

Kazi ya kuchapa ni ya mkwe. Si unajua yuko kwenye duka la fotokopi? Nilimpa sheria moja: barua ya mtu ni kama nguo yake ya ndani. Aichukue kwenye flashi, aichape dukani, aikunje maandishi yakiwa ndani, atie bahasha, asisome hata salamu. Akacheka akasema, baba, nikisoma karatasi zote zinazopita mikononi mwangu nitazeeka nikupite. Akashika sheria. Nami ndiyo hivyo, siwezi kusoma, na aliyeweza nimemkataza. Barua zangu zikawa zinatoka humu ndani hazijaonwa na jicho la mtu yeyote. Nilijiona mjanja.

Halafu barua ya mwezi wa tatu ukanirudishia, aya moja umeizungushia wino mwekundu. Nikaipeleka kwa kinyozi. Akamwacha mteja na ndevu nusu, akasoma kwa sauti: kwamba dada yangu alikuja siku ya kumzika baba na kitambaa cheupe puani, akalia kuliko wote, na beseni la kumwogeshea baba hajaligusa hata mara moja kwa miaka miwili, na machozi ya hivyo hata mamba anayo. Aliyefungua mdomo ni yule wa ndevu nusu, akasema mzee, hiyo imekata hadi mfupa.

Nikaapa palepale, mkono juu ya kiti cha kunyolea, kwamba sijamwambia Bata maneno hayo. Na kiapo kile kilikuwa cha kweli, Dada. Kishike hapo, nitakirudia.

Nikarudi nyumbani nimejaa mashaka hadi kwenye kofia. Nani kaigusa barua? Mkwe. Nani anajua kuchapa? Mkwe. Nani alikuwa jikoni siku ile naandika? Mkwe tena. Mtu wa kufuli akishaanza kushuku, hata bawaba inamkonyeza. Nikaanza kumwangalia. Akitembea haraka, nasema anakimbia dhambi. Akitembea polepole, nasema ananyata. Akiimba anapofua nguo, nasema mwenye moyo safi haimbi kwa sauti nyembamba hivyo. Nikamvalisha Bata soksi kichwani asisikie siri za nyumba. Nikatega uzi mwembamba kwenye mfuniko wa kompyuta, nione kama kuna mtu anaifungua nikienda kibarazani. Nikarudi nikakuta uzi umekatika! Nilifurahi kama nimeshika mwizi wa kuku. Nimeshakohoa ili nimwite ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeifungua mwenyewe kuhakikisha kama uzi upo.

Hata hilo halikunizindua. Ndipo nilipokupigia nikakwambia ni yeye. Ukasema huyo ni nyoka, mtoe. Nikakata simu, nikatoka uani anakoanika mashuka, jirani wa mkaa akiwa pale pale, nikamwambia mkwe mbele ya watu kwamba anachonganisha mtu na dada yake wa tumbo moja. Nilitegemea abishe. Mimi kwenye ubishi nina nguvu. Hakubisha. Alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni, akakitoa, akabana ncha ya shuka, akasema sawa, baba. Basi. Tangu hapo chai anaiweka mlangoni, anagonga mara moja, anaondoka. Nikimuuliza kitu ni ndiyo baba, hapana baba. Kuimba kumekwisha. Nyumba imekuwa na utulivu wa benki siku ya sikukuu.

Mwanangu alipiga simu kutoka njiani. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ushahidi ninao. Sikuwa nao, kwa hiyo nikaenda kuutafuta. Nikamleta fundi wa kompyuta, mama mmoja mtu mzima, miwani yake mizito kama vitako vya chupa. Nikamwambia nataka apekue humo ndani atoe alama za vidole za mkwe wangu. Akanitazama juu ya miwani, akauliza kama mimi ni polisi au mgonjwa. Nikasema fundi wa kufuli. Akasema afadhali, basi utaelewa.

Akaniuliza siku ile nilifanyaje. Nikamwonyesha: niliongea, nikafika kwenye habari ya kaburi la baba, moyo ukachafuka, nikachomoa Kiberiti ili Bata alale, nikapumzika kidogo, nikakichomeka tena nikamalizia na salamu. Bi Miwani akauliza, ulipopumzika ulikaa kimya? Nikasema mwanamume akiwa peke yake chumbani ana haki ya kuongea na ukuta wake. Akatabasamu, tabasamu lile ambalo daktari anatoa kabla ya sindano. Akachomoa Kiberiti. Kitaa kikazimika. Akanigeuzia kompyuta mgongo, akaniambia nimtukane.

Nikasema siwezi kumtukana mtu aliyekuja kunifanyia kazi. Akasema mzee, nasikia wewe kufuli ulikuwa unazivunja kwa nyundo kisha unadai umezifungua. Hee! Dada, nilimshushia! Nilianza na miwani yake, nikapita kwenye kandambili zake, nikamalizia na aliyemfundisha ufundi. Nilipoishiwa pumzi akageuza kompyuta, akanisomea kila nilichosema, neno kwa neno, hata kandambili.

Kisha akanielekeza kidole kwenye tundu dogo juu ya kioo, dogo kama jicho la sindano. Akasema hili ndilo sikio lake la kuzaliwa. Kiberiti kikiwepo, kompyuta inamsikiliza Bata. Ukikichomoa, haifi, inarudi kusikiliza kwa sikio lake lenyewe, na maandishi yanaendelea. Nikambishia: sikio hilo ni bovu, nikisema inaandika nusu. Akajibu kwamba nikisema kwa upole, ndiyo, feni inameza maneno. Lakini nikifoka inasikia yote.

Nimefungua milango ya watu miaka arobaini, Dada, na mlango wa nyuma wa chombo changu mwenyewe sikuujua.

Sasa narudi kwenye kile kiapo. Nilisema sijamwambia Bata, na kweli sikumwambia. Nilikichomoa Kiberiti kwanza, nikahakikisha kitaa kimezimika, ndipo nikayasema yale maneno. Ni yangu. Kinyozi alipofika kwenye kitambaa cheupe tu nilishayatambua, kama mtu anavyotambua koti lake limevaliwa na mwingine. Nilidhani mkwe aliyasikia akiwa jikoni akayatia kwenye barua ili anikomoe. Na ulipouliza ni nani aliyesema hivyo, ningeweza kujibu kwamba maneno ni yangu ila sikutaka yakufikie. Badala yake nikakuacha uamini yametoka kichwani mwake. Nilipata mtu wa kunibebea, nikamtwisha. Huo ndio wizi uliofanyika humu ndani, na mwizi hakuwa mwanamke.

Na kuna la chini yake, nimalize yote kabla ujasiri haujapoa. Mwaka ule baba alipoanguka, uliniuliza mara tatu kama uje kusaidia. Mara tatu nilikujibu kwamba baba anaendelea vizuri, mimi peke yangu natosha, hata jeshi zima lingeuguzwa na mimi. Majigambo. Usiku nikilala nilikuwa nakulaani kwa kutokuja, na asubuhi nikiulizwa nakuzuia usije. Beseni hukuligusa kwa sababu nililikalia. Ukikasirika sasa, mkasirikie mwenye kosa hasa, ndiye mimi. Ila kikao cha Jumamosi kivunje. Au kisipovunjika, niiteni mimi, nitakuja na kiti changu.

Kuhusu mkwe usiwe na wasiwasi, nimeshayamaliza. Bi Miwani alipotoka tu nilikwenda moja kwa moja uani. Nilivua kofia. Nikamwambia mkwe: mwanangu, mimi baba yako nimekukosea, maneno yalikuwa yangu, nimekupaka matope mbele ya watu na mbele ya watu nitakuosha. Muuza mkaa akaacha kupima mkaa. Mkwe akalia, nami nikalia, kinyozi akaja na taulo. Nikamwita hata yule wa ndevu nusu awe shahidi. Ilikuwa siku kubwa, ungekuwepo ungepiga vigelegele.

Basi nakomea hapa, mkono hauniumi lakini taya zimechoka. Nisalimie wajukuu mmoja mmoja kwa kimo chao, wala usimruke yule mnene. Mwambie shemeji deni langu la bao bado nalikumbuka, aliiba kete. Goti ulikande na maji ya moto. Kama hasira itakuruhusu, nijibu hata kwa mstari mmoja, na usitumie wino mwekundu.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Fundi Kufuli.

Dada, usikunje kwanza. Kile kipande cha uani nimekitunga. Nilivua kofia kweli, lakini humu chumbani, mbele ya Bata, na mlango nimefunga. Leo siku ya nne tangu Bi Miwani aondoke, na kila nikisikia chai imewekwa mlangoni nangoja hatua ziishe ndipo nifungue. Kutamka kwa mashine nimeweza. Kwake nimeshindwa.

Kwa hiyo asubuhi nilimwita kupitia mlangoni, nikamwambia barua ya leo ina sheria mpya: akiichapa asiikunje. Airudishe hapa, akae, anisomee kwa sauti kuanzia shikamoo hadi mwisho, kisha ndipo itiwe bahasha. Akasema ndiyo, baba. Kwa hiyo haya unayoyasoma wewe, Dada, yeye ameshayasoma kabla yako, mbele yangu, na mimi nimekaa sina pa kugeuzia uso.

Mwanangu unayenisomea, umefika hapa. Usiendelee, hakuna kingine kilichoandikwa. Inua macho unitazame, sasa ni zamu yangu kusema.