Mikono ya Babu Luhaga

Nkoma, 3 Mei 2024

Mwanangu Winnie,

Mwadila, ng'wanawane. Mjukuu wangu Method hajambo? Ananyonya vizuri? Sisi tunaendelea, mgongo tu unalalamika kwa kuchuma pamba, ingawa kwenye kitongoji hiki hakuna mwanamke wa rika langu anayenifikia kwa kujaza gunia. Waulize. Simu imepasuka kioo, iko kwa fundi, wala sina haraka nayo. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema mwandiko wangu ungefaa benki. Barua hii nampa kondakta wa basi la Dodoma.

Neno lenyewe ni hili. Babu yako Luhaga amevuka miaka mia na sasa chakula anakigusa tu. Mlete mtoto apakatwe na babu yake kabla hatujachelewa. Kanisani nimeshatangaza kuwa mtoto wa Winnie atapakatwa na mtu aliyepigana Burma! Kata nzima kabaki yeye. Siku ya Mashujaa hakuna anayemkumbuka, na mwenyekiti humfuata wakati wa kura tu. Lakini mimi baba yangu namjua. Aliua Wajapani wengi yule.

Njoo, mwanangu.

Mayu wako,
Justina

Dodoma, 19 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Sisi wazima, ila Method meno yanamsumbua na hatulali.

Mama, usikasirike. Siji. Umewahi kumwona babu amebeba mtoto? Nilipokuwa mdogo nilimkimbilia pale kwenye kigoda chake, akainua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Wewe ulicheka, ukasema, "Askari habebi watoto!" Mimi sikucheka. Nilienda kulia nyuma ya zizi. Sitaki Method afanyiwe vile, tena mbele ya kanisa zima uliloalika.

Na wewe mwenyewe, mama, aliwahi kukupakata?

Mwanao,
Winnie

Nkoma, 2 Juni 2024

Mwanangu mwenye maneno,

Mwadila. Meno ya mtoto yameshatoka? Mpe kitu kigumu atafune. Mimi sijambo, ila barua yako nimeikunja na kuikunjua mpaka inataka kuchanika.

Nikujibu swali lako. Hapana. Hata siku moja. Nami nilijivunia jambo hilo, nikidhani ndio uaskari wenyewe.

Jumapili nilimpelekea uji, nikamuuliza, "Baba, mtoto wa Winnie akija utampakata?"

"Siwezi."

"Mikono inauma?"

"Haijanawishwa."

Sasa sikiliza. Kwenye ukoo wetu, aliyeua mtu vitani haingii nyumbani hivihivi. Husimama nje ya mji, pale kwenye ua wa minyaa, mpaka sengi wake, yaani dada wa baba yake, aje amnawishe mikono. Ndipo apige hodi, apokelewe. Babu alishuka treni Malampaka, akatembea mpaka hapa, akakuta sengi Nyanjige alishafariki, yeye yuko huko vitani. Baba yake alikuwa amebatizwa, akamwambia, "Ingia ndani, hiyo ilikuwa vita ya Wazungu." Akaingia. Tangu hapo anashika jembe, anashika ng'ombe, lakini mtoto hashiki, asije akampaka damu.

Nikamwambia, "Lakini baba, uliwaua wengi, si ni sifa!"

Akasema, "Wengine walikuwa mbali. Mmoja ndiye ninayemjua. Kijana, tena mvua inanyesha. Nilimfumba macho kwa mkono huu."

Nikachukua bakuli nikatoka, sifa zote nimeziacha palepale. Mimi, Winnie!

Nilipokuwa nakosha bakuli ndipo nikashtuka. Wewe jina lako la nyumbani ni Nyanjige, na ni yeye aliyekupa. Aliyebeba jina ndiye mwenyewe. Nikarudi mbio: "Baba, mbona miaka yote hukumwambia Winnie?" Akanitazama kama mjinga. "Sengi haitwi. Huja mwenyewe."

Kwa hiyo mimi sikuiti. Nakueleza tu. Na usinianzie maneno ya kondoo wa tambiko na dawa, hata mimi ni Mkatoliki. Ni maji basi. Sijamwambia mtu yeyote. Ndiyo, mimi.

Mayu wako,
Justina

Dodoma, 8 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Hatujambo, jino limetoka. Mwezi huu ukiisha tunapanda basi. Usimwambie babu. Usiwaambie wa kanisani. Na nakuomba usichinje ng'ombe.

Mwanao,
Winnie

Dodoma, 11 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama, Method alilala njia nzima. Ile nyama ya mbuzi, eti si ng'ombe, bado naisikia tumboni.

Uliniuliza babu alikuwaje kule nje, nikashindwa kusema mbele ya watu. Wewe ulikuwa ndani unasubiri hodi, hukuona. Nilimkuta kwenye kigoda, nikamwambia, "Luhaga, mimi Nyanjige. Nimekuja." Akanyanyuka, akavaa lile koti lake zito na jua lote lile, akatoka. Nilimshika kiwiko, akanisukuma. Alipopita minyaa akageuka, akasimama wima, fimbo akaiangusha chini.

Nikammiminia maji. Akaniuliza, "Sengi, umekawia wapi?" Nikasema, "Njia ilikuwa ndefu." Sijui yalinitoka wapi. Kisha akasema maneno mengi ya Kisukuma cha zamani, pole pole. Hakuwa anasema na mimi. Nadhani alikuwa anaagana na yule kijana.

Halafu akapiga hodi kwake mwenyewe. Sauti ilimtetemeka, mama, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa. Nikaogopa hutamsikia. Ndipo ukaitikia "Karibu!" kwa sauti yako ile ya kuitia ng'ombe. Nikacheka na kulia pamoja.

Mwanao,
Winnie Nyanjige

Nkoma, 30 Julai 2024

Ng'wanawane,

Mwadila. Wazima? Sisi wazima kupita kiasi. Simu imetengenezwa, lakini hili nimeona niliandike.

Baba yangu sasa anakula ugali kama mlimaji. Koti Method alilolikojolea siku ile alipopakatwa amekataa nisilifue, anawaonyesha wageni! Amekuwa kero. Mtoto akipita njiani anaitwa. Lucy, yule jirani yetu, akienda kisimani humwachia mapacha wake, na akirudi wote watatu wamelala. Siku ya Mashujaa imepita tena, hakuna aliyekuja kumwita. Nilitaka niende kwa mwenyekiti nikamseme. Baba akaniambia, "Niache. Nina watoto hapa."

Juzi nachambua pamba, akaniita, "Justina." Nikadhani anataka maji. Akasema, "Kaa." Nikakaa chini, kwenye ngozi, mbele ya kigoda. Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapohapo. Mwanamke mzima mimi, mwenye wajukuu, mwenye magunia ya pamba yasiyo na mfano Nkoma nzima.

Uji ulikuwa jikoni. Nikasikia unachemka, nikasikia unafurika, nikaunusa ukiungua. Sikuinuka.

Mayu wako,
Justina wa Luhaga