Hakuna Anayeinuka Mezani

Lemvig, Denmark
Novemba 14, 2011

Mpendwa Neeltje, mwanangu,

Huu ni mwaka wa hamsini na tatu tangu niondoke kisiwani kwetu Schouwen, na bado barua ya kutoka huko naifungua kwa kisu, polepole, kama mtu anayepasua samaki na hataki kuharibu mayai yake. U hali gani? Kile kifua kimepoa? Krijn hajambo, yeye na ng'ombe wake? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto hunitabiria mvua kabla ya redio.

Pole tena kwa msiba wa Adriaan. Najua mume hazikwi siku moja tu.

Umeniandikia kwamba tangu mazishi mnakula, mnakunja mikono, kisha kimya. Adriaan ndiye aliyekuwa akitoa shukrani baada ya chakula, na kwetu hakuna anayeinuka mezani kabla ya shukrani. Basi mnakaa. Mchuzi unaganda kwenye sahani. Nilicheka, unisamehe, niliposoma alivyosema Krijn: "Mama, kwani tutalala hapa hapa? Ng'ombe wamejaa maziwa!" Nikaacha kucheka nilipofika chini yake: "Baba mdogo, nikifungua kinywa kushukuru najiona mwongo. Rudi nyumbani ukae kwenye kiti chake, ushukuru kwa niaba yetu."

Nimelibeba ombi hilo wiki nzima.

Babu yako alipochukuliwa na mafuriko, mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne. Tulihifadhiwa Rotterdam katika ukumbi mkubwa, mimi, baba yako Leendert, na bibi yako akiwa amevaa koti la mtu asiyemjua. Tukaletewa mkate. Akaja mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, akamwambia, "Mama, tushukuru kwa mapenzi ya Bwana." Bibi yako akautazama ule mkate. "Kwa mkate huu, ndiyo, mzee," akasema. "Kwa yale maji, bado." Yule mzee akashukuru kwa ajili ya mkate tu. Tukala.

Nimesoma vitabu vingi vya dini tangu siku ile, na sijakuta kinachoipita sala hiyo. Mtume Paulo anatutaka tuwe na shukrani katika kila hali. Sijaona alipotutaka tuyashukuru maji.

Huku nilikohamia, shukrani ya mezani hupita njia nyingine. Mara ya kwanza kula kwa wakwe zangu, nilifumba macho baada ya chakula, nikamshukuru Mungu kwa kirefu, nikainuka. Mama mkwe akamgeukia Inger. "Huyu mchumba wako anajua kuomba. Mungu kamwona, ila mimi niliyesimama jikoni tangu asubuhi hajaniona!" Sikujua kwamba huku mtu haondoki mezani bila kumwambia mpishi, "Ahsante kwa chakula," na mpishi akajibu, "Kikufae." Tangu hapo Inger alinisimamia: mpishi kwanza, Mungu baadaye. "Yeye hana wivu," alikuwa akisema.

Inger alipofariki, nilianza kula nimesimama kando ya jiko. Sikukuambia. Hesabu yangu ilikuwa kwamba asiyekaa mezani hadaiwi shukrani. Dada yake, Gudrun, akanikuta hivyo siku moja, mkononi ana sahani ya samaki wa kukaanga. "Shemeji, umekuwa farasi? Kaa!" Nikakaa. Nilipomaliza nikamwambia, "Ahsante kwa chakula." Akajibu, "Kikufae," akaanza kuosha vyombo. Nami, bila hata kufumba macho, nikamwambia Mungu: na wewe pia.

Hiyo ndiyo sala yote niliyokuwa nayo, na haikuwa uongo. Kila siku tangu hapo namtajia kitu kimoja ninachokishukuru kweli. Jana kilikuwa viazi. Kuna siku sikioni, nami humwambia hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na Adriaan. Anza na Krijn aliye mbele yako. Mwambie ahsante kwa maziwa, kwa sauti. Kisha mwambie Mungu habari ya hayo maziwa, hata kwa neno moja, muinuke. Kwa kifo cha mumeo sema "bado," tena usione haya. Mungu alikwisha kuisikia "bado" ya bibi yako, na hakumnyima mkate.

Nisalimie Krijn, na shangazi yako Pieternella, umwambie bado ninacho kitambaa alichonifumia. Gudrun anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema mchuzi usiachwe ugande. Mungu akupe kila siku kitu kimoja unachoweza kumshukuru bila kujiona mwongo.

Sasa nijibu ulichoniomba. Nikija na kukaa kwenye kiti cha Adriaan, nitashukuru mimi, nanyi mtainuka. Siku nitakayokufa mtabaki mmekaa tena, mikono imekunjwa, mkingoja sauti ya mtu mwingine. Nakupenda mno, siwezi kukufanyia hivyo. Sitarudi, Neeltje.

Baba yako mdogo akupendaye,
Marinus