Kipande cha Fimbo ya Shaba

Kitengela,
14 Septemba 2008

Mdogo wangu mpendwa Nzisa,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka minane na zaidi, nalo linamhusu mume wako Mulwa na ile fimbo ya shaba ya Kisaju. Nalitaja kwanza ili nisije nikajificha nyuma ya salamu.

Sasa nikusalimu. U hali gani huko Kajiado? Kifua chako kinavumilia vumbi la mwezi huu? Nthambi anaendeleaje na masomo? Mimi siwezi kusema sijambo. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, na ukurasa huu mmoja umenichukua siku mbili. Naomba uusome wote hata ukinikasirikia katikati.

Unakumbuka nilivyostaafu ualimu wa ufundi nikafungua kampuni yetu ndogo hapa Kitengela. Leseni ya fundi umeme ilikuwa na jina langu. Mikono ilikuwa ya Mulwa, mwanafunzi wangu wa zamani. Hata baada ya kukuoa aliendelea kuniita Mwalimu. Nikimwambia mimi sasa ni shemeji, alicheka akasema akiniita shemeji nitakumbuka mbuzi wa mahari ambao bado hajaleta.

Novemba 1999 tulikuwa tunaweka umeme kwenye kinu cha kusaga unga cha Mama Wamaitha, yule mjane wa Nyeri aliyenunua kiwanja Kisaju. Shule moja ya Isinya ilikuwa imeniahidi kazi ya mabweni yake yote, lakini kwanza walitaka kuona kinu kile kinazunguka. Wapimaji wa umeme walikuwa waje Ijumaa. Tukiwakosa, tungewangoja miezi mitatu, na Isinya ingempa mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi Mulwa alianza kupiga fimbo ya ardhi, ile ya shaba inayozamishwa ili umeme ukivuja upitie chini badala ya kumpitia mtu. Ilipaswa kuzama futi nne. Ilizama futi moja na nusu, ikagonga mwamba. Alijaribu mahali patatu, na kila mahali nyundo ilirudi na mlio uleule. Akaniambia kwamba pale chini, kando ya ua wa jirani, Lesiamon, udongo ni mwingi na una maji, ila hatuwezi kuchimba kwa mtu bila kumwomba, na Lesiamon alikuwa ameenda na ng'ombe, angerudi Jumapili. Akasema tungoje. Mama Wamaitha alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akaniuliza kama kampuni yangu huwasha mashine au huwasha maneno tu.

Saa sita wakaleta habari kwamba umeshikwa na uchungu. Mulwa aliacha nyundo hapohapo akakimbilia Kajiado kwako. Ndiyo siku aliyozaliwa Nthambi.

Mimi nilibaki. Mama Wamaitha alipoenda sokoni, nilichukua msumeno wa chuma nikakata fimbo juu kidogo ya udongo, nikaacha kichwa kikichungulia kama cha fimbo iliyozama yote. Kisha nikamwagia ndoo mbili za maji ya chumvi. Wewe hujui ufundi wetu, lakini chumvi huifanya mita ya kupimia ionyeshe vizuri kwa siku chache, na mvua za Novemba zilinisaidia. Nilijiambia kwamba Lesiamon akirudi nitakuja kuiweka ipasavyo. Nikatia sahihi kwenye cheti. Ijumaa wapimaji wakapima, wakaridhika, wakaondoka.

Mulwa aliporudi Jumatatu aliuliza habari ya fimbo kabla hata hajakaa. Nilimwambia nimepata mahali laini nikaimaliza mwenyewe. Alinipa mkono akanishukuru, Nzisa, kwa kumwachia nafasi ya kumwona mtoto wake.

Kazi ya Isinya ikaja, na Kisaju sikurudi. Februari ule ukame ukapasua udongo mweusi mpaka mguu wa mbuzi unaingia katika nyufa. Asubuhi moja waya ulichubuka ndani ya kinu. Isaac, kijana aliyekuwa akisaga, akashika chuma kusafisha unga. Hakuinuka tena. Aliacha mke na watoto wawili.

Wachunguzi walipoing'oa fimbo, kila mtu aliona ni kigutu cha futi moja na nusu. Mama Wamaitha alisema kweli tupu, kwamba aliyemwona na nyundo ni Mulwa. Mimi nilisema nilipima, mita ikasoma vizuri, na hilo nalo lilikuwa kweli. Mulwa alisema Mwalimu ndiye aliyemalizia. Hakimu aliniuliza, nikakana. Ulikuwa umekaa benchi la pili na mtoto mgongoni.

Akafungwa miaka mitatu. Ulikuja kwangu ukaniuliza swali moja, kama ni yeye aliyeikata. Mimi niliyekulea baada ya mama kufariki nilikutazama usoni nikasema ndiyo. Ukamfungia mlango, na mpaka leo haujafunguka. Yuko Entarara analima vitunguu. Nimesikia kila Desemba hutuma gunia la maharagwe kwako na wewe hulirudisha.

Mchungaji Mureithi ameandika maelezo yangu, nimeyatia sahihi mbele ya wakili. Nakala moja imekwenda polisi, nyingine ofisi ya leseni, ya tatu kwa mjane wa Isaac. Barua hii nimeitaka ikufikie kabla hujayasikia kwa watu. Kama nitakuwa bado hai wakija kunichukua, nitakwenda nao. Wewe nenda Entarara. Mpeleke Nthambi.

Salamu zangu kwa jirani zako wote. Nimeziweka hapa kwa sababu baada ya jambo lililobaki sitakuwa na uso wa kusalimu.

Unajua kilichomfunga Mulwa hasa ni kile kipande cha juu cha fimbo, kilichopatikana ndani ya sanduku lake la vifaa. Kilikuwa stoo kwangu, chini ya gunia, tangu Novemba. Siku Isaac alipokufa, Mulwa alikuwa kwa mjane wake, akiwatekea waombolezaji maji. Polisi walikuwa njiani. Nilifungua sanduku lake, nikakiweka chini ya koleo zake, nikafunga.

Kaka yako,
Ishmael Ndambuki