Mstari Mmoja Kwenye Barafu

Jumanne, 2 Aprili

Gádjá kapiga simu hata kahawa sijamaliza. Wifi yangu huyu hajui kuanza na salamu. Kasema Ristiinná ndiye atakayeswaga kundi la kulungu wetu wa theluji msimu huu. Binti yake wa miaka kumi na tisa! Na ataendesha pikipiki ya theluji ya baba yake — ileile. Fundi Mihkkal kaifufua. Karibu mwaka mzima iko gereji kwake, imekaushwa, imefunguliwa hadi skrubu ya mwisho. Sasa inawaka.

Ileile tuliyoitoa ziwani kwa mnyororo.

Kisha kasema vikwaruzo vyake vya zamani ni vya kutupa, nimtafutie mtoto vipya, tena vinavyodumu. "Wewe ndiye unayejua vyuma, wifi. Nisingekusumbua, lakini huyu ndiye peke yake niliyebaki naye."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Alhamisi, 4 Aprili

Baridi ya kuuma. Upepo umefagia ziwa lote, barafu tupu, ngumu kama sahani. Mbaya kwa injini. Pikipiki hizi hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda juu ya rejeta. Pasipo na theluji, dakika chache tu taa nyekundu inawaka. Ndiyo kazi ya vikwaruzo — vyuma viwili vinavyoburutwa, kimoja kila upande, vinachana barafu, unga wake unaruka juu na injini inapoa. Mtoto yeyote hapa anajua. Sijui kwa nini naandika. Labda najichelewesha.

Issát, mdogo wangu, mume wa Gádjá, aliuawa na joto. Katikati ya Aprili, barafu kila upande, akauawa na joto la injini! Taa iliwaka, kundi limeshatangulia, akaiacha njia kutafuta theluji ya kupozea. Theluji ilikuwa mdomoni mwa mto tu. Pale barafu ni nyembamba, mkondo unaila kwa chini. Alijua. Sote tunajua. Hatua hamsini tu, nadhani alijiambia.

Nilikuwa miongoni mwa waliofuata alama zake. Mistari miwili ya vikwaruzo, imenyooka, mpaka katikati ya ziwa. Halafu mstari mmoja. Wa kushoto. Halafu kona kuelekea mtoni.

Niliuona ule mmoja kabla ya wenzangu.

Watu wakasema wanayosema. Issát mzembe, hakagui vyombo vyake. Gádjá ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwetu kila mtu ana wimbo wake, na hata akifa unaimbwa, ndivyo anavyobaki nasi. Wa Issát haujaimbwa tangu mazishi. Gádjá kapiga marufuku nyumbani kwake. Mtu aliyetuacha kwa uzembe, kasema, haimbiwi.

Ijumaa, 5 Aprili

Kwa Mihkkal. Kaweka aina mbili juu ya meza, huku anatafuna nyama kavu.

Kuna vya mkono wa springi na kuna vya waya wa kusuka. "Hivi vya springi," kasema, "vinachimba kama mama mkwe anayetafuta kosa. Misimu mitatu huvigusi. Ila ukisahau kuviinua na kuvitundika kwenye kulabu, ukapiga rivasi — kwisha. Vinakunjika. Vya waya vinakuvumilia, rudi nyuma utakavyo. Lakini ncha zake zinaisha kabla ya Pasaka."

Nikamuuliza, hakuna kinachodumu na kuvumilia?

"Kipo. Kinaitwa dereva mwenye akili. Hatujaletewa bado."

Nikacheka. Nimechukua aina zote mbili, tutazijaribu ziwani.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeisikia tena ile sauti inayonifuata tangu mazishi. Mchana kweupe, naosha vyombo. Chuma kinachana barafu nyuma ya nyumba — kriii — kimoja, si viwili. Nikageuka. Rundo la kuni. Mbwa kalala. Mbwa huyu humbwekea hata kunguru, lakini sauti hii haisikii.

Basi niandike. Hapa angalau.

Tarehe 14 Aprili mwaka jana niliazima pikipiki ya Issát kwenda kuchota kuni. Nikasimama mbele ya mti, vikwaruzo viko chini, nikapiga rivasi. Nikasikia. Nikashuka. Cha kulia kimekunjika kama kijiko. Nikachukua nyundo, nikakinyoosha, nikakitundika vizuri kwenye kulabu. Ukitazama kwa mbali, kizima.

Na sababu? Aibu tu! Februari yeye mwenyewe alivunja kimoja kwa kosa hilohilo, na mimi nilimcheka mbele ya watu wote, wiki nzima. Mimi niliyemfundisha kuendesha. Nikajiambia nitamwambia asubuhi. Asubuhi theluji ilikuwa imeganda vizuri, akaondoka mapema na kundi.

Nimeisoma hii mara tatu. Ni aya fupi sana.

Jumatatu, 8 Aprili

Ziwani na Ristiinná. Nilikuwa nimejiapiza kutoitazama ile pikipiki usoni. Nimeitazama. Kiti kimeshonwa upya. Kioo kina ufa uleule.

Tukaanza na vya springi. Kaenda mbali, karudi, mshale wa joto umetulia chini. Nyuma yake mistari miwili, safi kabisa! Nilitembea kando yake nikihakikisha hakuna unaokatika. Nilitembea mbali kuliko ilivyohitajika. Alipozima injini nikamsikia anaimba kidogo ndani ya kofia. Nota tano, sita. Za baba yake. Akaniona, akanyamaza.

"Usimwambie mama."

Nikamwambia aimbe tu. Akatikisa kichwa. "Nikiimba namkasirikia, shangazi. Angeangalia chuma kimoja tu, angekuwa hapa."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Upepo ukaingia, basi.

Kisha akataka kugeuza pikipiki ukingoni, penye mawe. Akapiga rivasi. Vikwaruzo viko chini.

Kak!

Aliruka kutoka kwenye kiti, anakimbia kwangu, kofia bado kichwani. "Shangazi! Nimevunja! Nimesahau kulabu, mjinga mimi, nimevunja cha kulia, njoo uone! Nisamehe, kipya kabisa!"

Yote kwa pumzi moja. Hakufika hata hatua kumi kabla ya kusema. Nilikaa chini palepale kwenye barafu. Alidhani nimekasirika, akaninyanyua kwa kwapa kama bibi kizee. "Ni chuma tu, shangazi! Ni chuma tu!"

Jumanne, 9 Aprili

Nimeamua: vya waya. Havimwadhibu mtu kwa kusahau mara moja. Ncha zikiisha atabadilisha, nitamfungia jozi ya akiba chini ya kiti na nitamfundisha kuzikagua kwa kidole kila anaposimama.

Nikapeleka kile kilichovunjika kwa Mihkkal. Alikigeuzageuza mkononi. Akaenda kwenye rafu ya juu, akashusha kipande kingine, chenye kutu. Akaviweka pamoja. Mkunjo uleule.

"Hiki ni cha Issát," kasema. "Kilibaki kwenye reli ya chini ya pikipiki yake. Tazama hapa. Rivasi. Halafu mtu kakinyoosha kwa nyundo. Chuma cha springi ukikinyoosha kwa nyundo umekiua, kitakatika tu. Issát alikuwa ananiletea hata plagi nimfungulie. Hajawahi kushika nyundo yule."

Nikauliza kamwambia nani.

"Nimwambie nani? Si yangu kusema." Akavaa miwani yake ya kazi. "Mficha uchi hazai, Ravdna." Akawasha mashine ya kunolea, kelele tupu, mpaka nikatoka.

Kwa hiyo alijua. Mwaka mzima ananiuzia plagi na mikanda, ananitania, na kile kipande kiko juu ya kichwa chake.

Jumatano, 10 Aprili

Sikutoka. Kriii, mara mbili kabla ya saa sita. Kesho kutwa wanaondoka na kundi.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika chumbani, haraka. Gádjá yuko jikoni.

Kaja kushukuru! Kaleta ulimi wa kuchemsha na jibini la kutia kwenye kahawa. Kavitazama vikwaruzo vya Ristiinná pale barazani, kavivuta, kavikagua ncha kwa kidole kama mtu anayejua. Akasema sasa atalala usingizi. Akasema mume wake angekuwa na nusu ya akili yangu, leo yeye naye angekuwa na mume. "Mkono wa birika na mzembe juu yake. Mungu anisamehe, wifi, bado nina hasira naye. Naamka nayo."

Hasira yangu hiyo. Anaibeba yeye, na anamtwisha aliyekufa.

Nikasema, "Gádjá, nina jambo la kukwambia. Kuhusu vikwaruzo."

"Vya mtoto vina kasoro?"

"Vya mtoto vizima. Vya Issát."

Aliweka kijiko chini taratibu sana. Nikamwambia anisubiri kidogo, nikaja huku, eti kutafuta miwani. Miwani ninayo usoni.

Pikipiki imeingia uani. Ni Ristiinná, naijua ile injini. Kazima. Anakung'uta viatu mlangoni.

Ningeweza kungoja aondoke. Kumwambia mama yake kwanza, pole pole, mtu mzima kwa mtu mzima. Mama atajua namna ya kumwambia mwanawe. Au atanyamaza kama nilivyonyamaza.

Gádjá anaita kutoka jikoni. Sauti yake imebadilika. Anauliza kahawa amimine vikombe viwili au vitatu.

Nimejibu vitatu.