Hawatakifukia Kisima Chako

Dada Mwanahawa,

Nilidhani barua yangu ya kwanza tangu tukuzike ingekuwa ya habari za amani. Sivyo. Wanataka kukifukia kisima chako.

Uliuza bangili zako ukachimbisha kisima hiki kando ya msikiti wetu wa Keko, ukakiweka wakfu, kisha ukanikabidhi mimi mdogo wako usimamizi wake. Siku maji yalipotoka ulinipa kata ukasema, "Onja kwanza, ndipo unisifu." Nilionja. Yalikuwa matamu.

Sasa hayaonjeki. Kiwanda cha ngozi kilichojengwa upande wa juu kimechimba shimo nyuma ya ukuta wake, na humo humwagwa maji ya chokaa na dawa, manyoya na mabaki ya ngozi. Masika yaliyopita shimo lilifurika. Tangu hapo maji yetu yamegeuka rangi, ladha na harufu. Nawe unajua kwamba maji yaliyogeuzwa hivyo na uchafu hayafai kutawadhia. Bi Tatu, jirani yako, aliniuliza mbele za watu, "Mwalimu, kisima leo kimejifukiza udi gani?" Walicheka, hata mimi. Kisha akaimwaga ndoo yake chini, na kicheko kikaisha.

Imamu alituelekeza tutayamamu, yaani tutumie udongo safi badala ya maji. Niliinama uwanjani nikauteka udongo kwa viganja. Ulikuwa na ukoko mweupe na harufu ileile. Nilisimama pale, dada, nisijue nijitakase kwa kitu gani.

Bwana Afya aliitwa. Alipitia kwanza kiwandani akanywa chai, ndipo akaja kwetu. Alichungulia kisimani bila kuteremsha ndoo, akasema ataandika. Sijui aliandika nini, wala aliandika kwa faida ya nani.

Baada ya hapo alikuja msimamizi wa kiwanda. Mtu huyu amepita mlangoni pangu miaka yote bila salamu; siku hiyo aliniamkia kwa shikamoo ndefu, mikono kifuani. Alisema maji yetu hayana ubaya, ila kiwanda kitatuletea bomba msikitini bila malipo, na kwa kuwa kisima ni hatari kwa watoto, watakifukia wao wenyewe. Walihitaji ridhaa yangu tu. Nilimwuliza, "Kama maji haya hayana ubaya, mbona mna haraka ya kuyazika?"

"Mzee wangu, mie natumwa tu," alijibu, huku macho yake yakipima ukingo wa kisima.

Watu wetu walilifurahia bomba. Waliliita sadaka. Sasa wengine wananilaumu kwamba nimewanyima maji kwa ukaidi wa uzee, na huenda nawadhulumu, kwa maana wanateka mbali. Lakini bomba hufungwa siku yoyote atakayo mwenyewe. Na kisima kikishafukiwa, nani atasadiki kwamba kilinuka?

Nilimjibu yule bwana kwamba bomba na lije kama ni sadaka kweli, ila kisima hakiguswi. Mwezi umekwisha. Bomba halijaja.

Pumzika, dada. Kisima chako kinanuka, lakini kiko wazi, na kitabaki wazi maadamu mimi ningali hai. Yeyote atakayekuja kuniambia kwamba maji haya ni mazima, nitamteremshia ndoo, nimjazie kata ileile uliyonipa, nimwambie aonje kwanza.

Mdogo wako,
Salehe