Okidi ya Marehemu na Mbolea ya Mbuzi

S.L.P. 118,
Kitengela.
17 Oktoba 2004

Mpendwa shemeji Wanjira,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi mpaka huko kwenye baridi. Magoti yako yamezoea Uingereza? Na mkwe wako Dalmas amejifunza kuweka majani ya kutosha kwenye chai, ama bado anawanywesha maji ya moto? Mimi ni mzima. Meno yamebaki saba lakini yanaelewana. Mama Jackie naye ni mzima kabisa. Nguvu za kunigombeza hazijapungua.

Mvua bado hatujaiona. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja mapacha.

Sasa shemeji, keti chini. Kama umeshaketi, shika meza.

Barua zangu tatu zilizopita zilikudanganya. Uliponiuliza okidi, lile ua la chungu la marehemu, inaendeleaje, nilikujibu inakula vizuri na imenenepa. Ukaomba picha, nikasema kamera ya Jackie imeharibika. Kamera ni nzima. Okidi ndiyo ilikuwa inakufa, na aliyekuwa anaiua ni mimi.

Sababu unaijua. Uliniandikia mwezi wa tatu kwamba huku Kenya umebakisha kaburi na ua, na kama ua limekufa nikuambie mapema, usihangaike na tiketi ya Desemba. Mtu akiandikiwa hivyo aseme nini? Ndugu yangu Gitonga tulimzika mwaka juzi. Sikutaka kukupoteza na wewe, ungali hai unakunywa chai ya Dalmas.

Ilikuwa hivi. Ulipoondoka Januari ukaniachia kile chungu, nilichungulia ndani nikakuta vipande vya magome ya mti tu. Udongo hata wa kujaza kijiko hakuna. Nikasema, kumbe huyu Gitonga, karani mzima wa serikali, miaka kumi na moja amekuwa akilaza mmea njaa. Nyinyi mliosoma mna roho ngumu. Mimi niliyeachia shule darasa la nne ndiye niliyeihurumia. Nikaitoa, nikaipanda kwenye udongo wetu mweusi, nikachanganya na mbolea ya mbuzi, ile nzee ninayowekea sukuma wiki. Nikainywesha maji ya kisima asubuhi na jioni. Hayo maji yetu ya chumvi unayakumbuka. Ndani ya birika ni kweupe kama kumepakwa chokaa.

Sukuma wiki ingenishukuru. Okidi ikalegeza majani kama masikio ya mbwa aliyekemewa. Nikaongeza mbolea.

Aliyeniokoa ni Parmuat, huyu jirani wa ng'ombe. Alikuja mwezi wa tano kunywa chai, akaangalia dirishani, akaweka kikombe chini.

"Gakuru, huyu umemzika akiwa hai."

"Nimempa chakula."

"Nani alikuambia anakula udongo? Kule milimani, upande wa Mashuuru, tukihamisha ng'ombe kiangazi tunakuta ndugu zake juu ya miti. Wameshika gome, wanangoja mvua. Hakuna mzee anawapandia huko na mavi ya mbuzi."

Mama Jackie alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu hapo mgeni haonjeshwi chai kabla hajaambiwa hiyo hadithi.

Tukaitoa. Mizizi ilikuwa imeoza, laini kama ndizi iliyosahaulika. Ukiuvuta mmoja, ngozi inakubakia mkononi. Nilipitisha wembe mpya kwenye moto nikakata yote iliyokufa. Ikabaki mizizi miwili na majani matatu. Shemeji, nilikaa pale na wembe mkononi nikamwomba Gitonga msamaha, kitu ambacho alipokuwa hai hakukipata kwangu hata mara moja.

Siku hizi inakaa kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo niliotoboa kwa msumari, ndani nimejaza vipande vya makaa vilivyooshwa vumbi. Iko kwenye dirisha la upande jua linakotokea, nyuma ya pazia. Inakunywa maji ya mvua peke yake. Niko na jerikani moja, niliyokinga mvua ya mwezi wa tano, ambayo Mama Jackie haruhusiwi kuigusa. Mzizi ukiwa rangi ya majivu, una kiu. Ukishalowa unakuwa kijani, na hapo unaiacha mpaka wiki ijayo. Kazi ngumu ni hiyo ya kuiacha. Majani nayafuta kwa leso, na Mama Jackie anauliza mbona miaka thelathini na nane hakuna mtu amewahi kumfuta yeye uso.

Mwezi wa saba ilichomoza pua ya kijani. Nikatangazia watu wote kanisani kwamba ni ua. Ilikuwa mzizi. Parmuat mpaka leo akikutana nami njiani ananipongeza kwa mzizi.

Lakini ukafuata mwingine, na sasa kuna jani jipya, refu kama kidole gumba changu. Ua hakuna. Sidanganyi tena. Labda mwakani, labda mwaka ule mwingine.

Ila ule mzizi wa kwanza, shemeji, ulitoka kwenye mkebe, ukatambaa, ukashika mbao ya dirisha. Jana nilijaribu kuuinua na ukucha. Ulikataa, nikauacha. Kwa hivyo dirisha hilo halifunguliwi tena, na Mama Jackie, usishangae, hajasema neno.

Picha sitatuma. Kata tiketi. Kiti chako nimekiweka hapo hapo dirishani, na kaburi la Gitonga tumelipalilia.

Msalimie binti yako Wangechi, na huyo Dalmas. Jackie anakusalimu, Parmuat anakwambia sopa, salamu ya Kimaasai, na Mama Jackie anasema uje na leso yako. Mungu akushike mkono mpaka utue hapa.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda, muuaji aliyestaafu,

Gakuru